Toa Mguu

Kwenye ramani lugha yetu inaitwa Kaurepa.
Maana yake, kama hamjui, ni "toa mguu."

Si fumbo la wahenga wa Mto Wosi.
Ni mguu wa kulia wa mpimaji ardhi wa Kijerumani,
buti lake limetua juu ya mfuko wa kamba
wa mwanamke aliyetoka kuchimba viazi vikuu.
Bwana akauliza kwa ishara, kidole mdomoni, kisha hewani:
hiki mnachokisema, kinaitwaje?
Kaurepa! akajibiwa.
Akauliza tena, apate hakika.
Akajibiwa kwa sauti ya juu zaidi.
Akaandika, na alama ya mshangao akaitia.
Mchapaji ndiye aliyeiondoa.

Miaka mia na ushei tumekuwa Watoa Mguu.
Tuna Agano Jipya la Kitoa Mguu na nusu ya Zaburi
(fedha ziliishia kwenye zaburi ya maombolezo).
Tuna timu ya kandanda, Toa Mguu,
ambayo haijawahi kufunga bao ugenini.

Mwaka huu serikali imemleta Elias Tovue na fomu:
majina ya aibu yasahihishwe.
Kijana mpole. Alivua viatu mlangoni pa kanisa
kabla hata hatujamwambia maana ya jina.
Tukampenda kwa hilo.

Mwalimu mkuu akasimama: sisi wenyewe hujiita Numbe.
Numbe ni watu. Basi tuandikwe Watu.
Makofi.
Nyuma kabisa akainuka Pita Sarumbe,
mkwe wetu, Mwasiak wa ng'ambo ya mto:
"Kama ninyi ndio watu,
mke wangu ameolewa na nini?"

Hapo kila mtu akakumbuka jina tunalowaita wao.
Sitaliandika. Linahusu popo, na namna ya kumla.
Nimelitumia tangu utotoni kama mtu anavyotumia kijiko,
na siku ile lilinikwama kooni.
Wao hutuita Gorogo, vyura.
Pita alilitamka kwa upole, ili tulingane.

Mmoja akasema tuchukue jina la mlima;
mlima uko mahakamani.
Mwingine akasema jina la mto;
mto una lugha kumi na moja, nasi tuko katikati,
tunakunywa maji waliyokogea wengine.
Vijana wakataka namba tu. Lugha ya Mia Sita na Kitu.
Elias akafuta, akaandika, akafuta,
karatasi ikatoboka.

Bibi Aiwara, sikio lake moja limeshalala,
akauliza kinachoendelea.
Nikamweleza kwenye sikio zima.
Akacheka hadi akapaliwa.

"Yule ni bibi wa mama yangu. Simoti.
Waliandika miti yetu, waliandika ndege.
Fuvu la baba mkwe wake walilibeba kwenye sanduku.
Jina lake yeye hawakuuliza.
Walichokichukua kwake ni neno moja,
nalo lilikuwa la kuwafukuza.
Kila anayefungua ramani hiyo,
hata huko Berlini,
anaambiwa na Simoti atoe mguu.
Nanyi mnataka kumnyamazisha?"

Hakuna aliyepiga makofi.
Mwalimu mkuu alitazama viatu vya Elias pale mlangoni.

Mimi ndiye niliyeshika kalamu, Rosina Kambai wa darasa la pili.
Nikajaza: Kaurepa!
Elias akasema kompyuta haipokei alama ile.
Tukamwambia aijaribu tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Chini yake tukaandika azimio la pili:
lile jina la popo lisitamkwe tena shuleni.
Lilipita kwa kura tatu tu.
Pita alihesabu mikono, hakusema kitu,
akamsaidia Bibi Aiwara kushuka ngazi.

Viazi vile, bibi alituambia njiani,
viwili vilipondeka.
Hilo nalo halimo kwenye fomu.